Vidudu vyekundu mgongoni mwa nyuki: niweke dawa au niache?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa Manyoni, Singida. Nina mizinga ya masanduku na michache ya magogo. Nilipofungua kulina asali msimu huu niliona vidudu vyekundu mgongoni mwa nyuki kadhaa. Mdogo wangu yuko Marekani, anasema huko vidudu hivyo vinaua nyuki kwa mamilioni, serikali inatumia fedha nyingi kuvitafiti, na yuko tayari kunitumia vipande vya dawa vya kuning'iniza ndani ya mzinga. Jirani yangu mfugaji wa ng'ombe anasema nisisumbuke, hata dawa ya josho inafaa. Nifanyeje? Na mbona sisi hatuna utafiti wa namna hiyo?

JIBU: Marahaba, dada. Jibu fupi ni kwamba usiweke dawa yoyote ndani ya mzinga, na hiyo ya josho usiisogeze hata karibu na manzuki yako. Mdogo wako hakukudanganya. Aliyokueleza kuhusu Marekani ni kweli, lakini ni kweli juu ya nyuki wa Marekani. Wanaotuambia kwamba wa kwetu ni habari nyingine ni watafiti wenyewe, tena waliolipwa kwa fedha za serikali.

Kwanza tujue uliona nini, maana wapo wawili wanaofanana kwa mbali. Yupo chawa wa nyuki, anayeitwa Braula. Huyu kwa kweli ni nzi asiye na mabawa, ana miguu sita, hupenda kumpanda malkia na kuiba chakula mdomoni mwa nyuki. Mabuu yake huchimba vijia kwenye vifuniko vya asali, basi. Hasara yake ni ndogo. Mwingine ni varoa. Varoa ni utitiri, ndugu wa kupe: miguu minane, mwili bapa, upana umezidi urefu kama kaa, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, upana wake kama milimita moja na nusu. Azima kioo cha kukuzia shuleni au kwa fundi saa, kamata nyuki mmoja aliyebeba, hesabu miguu. Kazi ya dakika tano, na wengi huiruka wakakimbilia duka la dawa za mifugo.

Tuseme ni varoa, kwa sababu yuko nchini. Mwaka 2009 watafiti walimkuta Kenya na Tanzania, na taarifa yao ilichapishwa mwaka uliofuata.

Asili yake ni Asia, kwa nyuki wa huko, Apis cerana, ambao wamezoeana naye kwa muda mrefu mno. Binadamu walipopeleka nyuki wa Ulaya Asia, varoa akahamia kwao, kisha akasafirishwa duniani pamoja na mizinga. Jina lake kamili, Varroa destructor, alipewa mwaka 2000 na Denis Anderson wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, pamoja na mwenzake Trueman. Kabla ya hapo kwa miaka mingi watu walikuwa wakimchanganya na utitiri mwingine wa Asia, yaani walipambana na adui wasiyemjua sawasawa.

Marekani alionekana mara ya kwanza mwaka 1987. Huko wakati huo tayari kulikuwa na maabara ya nyuki ya wizara ya kilimo, ambayo historia yake inaanzia 1891 na ambayo kwa miongo mingi imekuwa Beltsville, jimbo la Maryland. Ninaiheshimu maabara hiyo kwa jambo moja kuliko yote: mfugaji yeyote wa Marekani, awe na mzinga mmoja au elfu kumi, kwa miaka mingi amekuwa akiwapelekea nyuki wagonjwa au kipande cha sega naye akapimiwa bure. Kwa njia hiyo serikali inajua ugonjwa gani uko wapi bila kumsubiri mtu aje kulalamika. Mwanzoni mwa karne iliyopita mtafiti wa wizara hiyo, G. F. White, ndiye aliyetambua bakteria wanaosababisha ule ugonjwa mbaya wa kuoza kwa majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye vichumba vya sega. Mwaka 1922 bunge la huko likapitisha sheria ya kuzuia nyuki wazima kuingizwa nchini, kwa hofu ya utitiri mwingine, wa kwenye njia za hewa za nyuki, ambaye taarifa yake ilichapishwa Uingereza mwaka mmoja tu kabla.

Lakini kwa varoa, njia iliyoshika ilikuwa ya dawa. Ikaja ya kwanza, fluvalineti. Miaka ya tisini varoa wakaizoea. Ikaruhusiwa ya pili, kumafosi, mwaka 1999, na haikupita miaka mingi nayo ikaanza kushindwa. Wafugaji wakubwa wakaegemea ya tatu, amitrazi. Hiyo, dada, ndiyo iliyomo kwenye madawa mengi ya josho huku kwetu, na nahisi ndiyo anayoizungumzia jirani yako. Kumafosi nayo ni dawa ya kupe. Kwa hiyo wazo lake si la kijinga. Lilishajaribiwa, na matokeo yake ndiyo haya ninayokusimulia.

Majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025 wafugaji wakubwa wa Marekani walipoteza kwa wastani zaidi ya asilimia 60 ya makundi yao, hasara kubwa kuliko walizozoea. Wanasayansi wa wizara wakachukua sampuli kutoka kwenye makundi yaliyokuwa yakifa. Wakakuta virusi vingi, hasa vile vya mabawa kupinda na vya kupooza, na varoa ndiye anayevisambaza. Kisha wakawapima varoa wenyewe: karibu wote walibeba alama ya kijenetiki ya usugu dhidi ya amitrazi. Fahamu maana yake. Dawa anayotaka kukutumia mdogo wako, kama ni ya kundi hilo, ni ile ile inayoshindwa kule inakotoka.

Usisahau pia mazingira yao. Kila Februari karibu mizinga milioni 2 hupakiwa kwenye malori na kupelekwa California kuchavusha milozi, ikikusanyika pamoja toka kila kona ya nchi. Ugonjwa wowote uliokuwa Florida unakutana na wa Dakota, halafu wote wanarudi nyumbani wakiwa wamebadilishana. Mizinga yako imetundikwa kwenye miti ya miombo, jirani wa karibu yuko mbali, na kundi likichoka linahama. Hata bila varoa kuwa tofauti, maisha ni tofauti.

Sasa tuje Afrika, ndipo penye jibu lako.

Varoa aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1997, katika jimbo la Rasi ya Magharibi, na kufikia mwaka 2002 hivi alikuwa ameenea nchi nzima. Baraza la Utafiti wa Kilimo la nchi hiyo, ambalo ni la umma, lilikuwa na mtaalamu wa nyuki huko Stellenbosch, Mike Allsopp. Alifuatilia makundi tangu utitiri ulipoingia: yaliyotibiwa na yasiyotibiwa, ya kufugwa na ya porini. Miaka ya mwanzo kulikuwa na hasara, na wafugaji walitaka dawa, nani angewalaumu? Lakini yale yaliyoachwa bila dawa yaliendelea kuwindwa na varoa kwa muda, dhaifu yakafa, na waliobaki wakaanza kumshinda. Kwa nyuki wa Rasi ilichukua miaka 3 hadi 5. Kwa nyuki wa savana, Apis mellifera scutellata, ambaye ndiye nyuki wa sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, ilichukua miaka 6 hadi 7. Baada ya hapo varoa akabaki kuwa mgeni asiyependeza mzingani, haui kundi. Ushauri uliotoka kwenye kazi hiyo ulikuwa kwamba anayetibu anachelewesha jambo hilo, kwa sababu anawabeba nyuki dhaifu wazae dhaifu wenzao, huku akiwafundisha varoa kuizoea dawa.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya fedha za umma katika utafiti. Hakuna kampuni ya dawa duniani itakayolipia miaka ya kuchunguza kama dawa haihitajiki. Matokeo ya namna hiyo hayana chupa wala bei. Wa kuyalipia ni serikali peke yake, au asilipie mtu.

Kenya nako walihesabu. Mwaka 2010 timu ya Elliud Muli, ikishirikiana na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wa Chuo Kikuu cha jimbo la Pennsylvania, ilizunguka maeneo 24 nchini humo. Fedha nyingi zilitoka mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Varoa walimkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Katika virusi saba vinavyojulikana sana Ulaya na Marekani walikuta vitatu tu. Nosema, kimelea wa tumboni, alikuwa sehemu tatu za pwani na moja ya bara. Mabaki ya viuatilifu yalikuwa machache na kwa viwango vya chini. Na lililo kubwa kuliko yote: kundi lenye varoa halikuwa dogo kuliko lisilo naye. Walikuta pia kwamba sehemu za miinuko zina varoa wengi zaidi, na kwamba nyuki wanaosafisha mzinga kwa bidii wana varoa wachache. Ripoti ilichapishwa mwaka 2014.

Kwa nini nyuki wetu wanamudu? Sababu ziko kadhaa na hakuna moja inayotosha peke yake. Varoa jike huingia kwenye kichumba chenye mtoto wa nyuki muda mfupi kabla hakijafunikwa. Hutaga yai la kwanza kama saa 60 hadi 70 baada ya kufunikwa, nalo ni la dume. Kisha majike, moja kila baada ya saa 30 hivi. Kila jike anahitaji karibu siku sita kukomaa, na asiyekomaa kabla ya nyuki kutoka hufa. Nyuki kibarua wa Ulaya hutoka siku ya 21 tangu yai. Wa kwetu hutoka siku ya 19 au 20. Hiyo siku moja au mbili ni mtoto mmoja wa varoa asiyeona dunia. Juu ya hayo nyuki wetu hunusa kichumba chenye shida, hukifumua na kumtupa nje mtoto aliyeambukizwa. Husafishana miili. Hugawanyika mara kwa mara. Na huhama, jambo linalotukera wafugaji kuliko yote, lakini kundi likihama linaacha nyuma majana yote pamoja na varoa waliomo humo. Mzinga mtupu uliouona asubuhi ukatukana, huenda ni tiba waliyojipa wenyewe.

Wamarekani wenyewe wameshang'amua njia hii. Katika maabara nyingine ya wizara yao, Baton Rouge, Louisiana, walileta mwishoni mwa miaka ya tisini malkia kutoka mashariki ya mbali ya Urusi, ambako nyuki wa asili ya Ulaya walikuwa wameishi na varoa muda mrefu. Hapo hapo wakazalisha pia ukoo wa nyuki wanaonusa na kufukua majana yenye varoa. Wanatafuta kwa gharama kubwa tabia ambazo nyuki wa Manyoni wanazo tayari.

Sasa suala la mfuko wako. Nta inanyonya dawa hizi na kuzitunza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliopima nta ya mizinga ya Amerika Kaskazini ulikuta fluvalineti na kumafosi katika asilimia 98 ya sampuli. Nta hiyo huyeyushwa, hutengenezwa karatasi za kuanzishia masega, hurudishwa mzingani, na mzunguko unaendelea. Nta ya Tanzania ina soko nje kwa sababu ni safi, na asali yetu inaingia soko la Ulaya kwa masharti ya nchi kupima mabaki ya dawa kila mwaka. Ukichovya kitambaa kwenye dawa ya josho ukakining'iniza mzingani hujui kipimo, hujui itakaa siku ngapi, na asali yako itachanganywa kwenye pipa moja na ya wenzako wa kikundi. Pipa likikataliwa, linakataliwa la wote. Kwa mdogo wako, mshukuru, kisha mwambie akutumie vazi zuri la kulinia na kipande cha wavu wa chuma wenye matundu ya milimita tatu hivi. Wavu nitakueleza matumizi yake.

Umeuliza mbona sisi hatuna utafiti. Tunao, ila mdogo na wa kukatikakatika. Kituo cha Njiro, Arusha, cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, kina kitengo cha nyuki. icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina maabara ya rufaa ya afya ya nyuki kwa Afrika nzima, iliyozinduliwa mwaka 2014 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ikiwa na vituo vya ziada Burkina Faso, Kamerun, Ethiopia na Liberia. Majengo na vyombo vipo. Tunachokosa kwa maoni yangu ni hesabu inayorudiwa. Ule uchunguzi wa Kenya ulikuwa wa mwaka mmoja. Nchi inayotaka kujua hali ya nyuki wake inahitaji kurudi kwenye maeneo yale yale kila msimu, kazi isiyo na sherehe ya kukata utepe, na ndiyo maana wafadhili huikimbia. Na fedha za wengine zina mwenyewe: hata Beltsville, Julai 2025 wizara yao ilitangaza mpango wa kuondoka pale hatua kwa hatua.

Kwa hiyo hesabu yako anza mwenyewe. Tengeneza chupa ya mdomo mpana, weka ule wavu badala ya kifuniko. Jioni, ukiwa umevaa na bomba la moshi linawaka vizuri, toa sega lenye majana, hakikisha malkia hayupo juu yake, kung'uta nyuki nusu kikombe: hao ni kama 300. Watie chupani, ongeza vijiko viwili vya sukari ya unga, zungusha chupa taratibu hadi wote waonekane weupe, subiri dakika mbili. Kisha geuza chupa na utikise juu ya beseni jeupe lenye maji kidogo. Sukari itayeyuka, varoa wataelea. Wahesabu, gawanya kwa tatu, umepata idadi kwa kila nyuki mia. Nyuki warudishe, watalambana sukari na hasira zitapoa, kiasi. Marekani mfugaji akipata watatu kwa mia anaambiwa atibu. Wewe ukipata watatu, andika kwenye daftari namba ya mzinga na tarehe, funga, nenda nyumbani. Rudia mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi. Mizinga inayokuwa na wachache kila mara ndiyo uigawe kuongeza makundi yako. Usiigawe ile yenye wengi hata kama ina asali nyingi mwaka huu.

Kitu kingine: usinunue malkia wala makundi kutoka mbali, hata ukiambiwa ni wapole. Mwaka 1990 huko Afrika Kusini mamia ya makundi ya nyuki wa Rasi yalihamishiwa kaskazini, kwenye nchi ya nyuki wa savana. Kibarua wa Rasi anaweza kutaga majike bila dume. Wakaingia mizinga ya wenyeji, wakataga, wakala chakula bila kufanya kazi, makundi yakaanguka. Inakadiriwa yalipotea makundi laki moja. Hakuna kimelea wala kirusi kilichowahi kuwatia wafugaji wa huko hasara ya namna hiyo, na aliyeileta ni lori.

Nini kingenifanya nibadili ushauri? Si varoa. Ni majana yaliyooza. Ukiona vifuniko vya majana vimedidimia, vimekuwa vyeusi na kutoboka, na harufu kama ya gundi ya seremala, chukua njiti ya kiberiti, ichovye ndani ya kichumba uivute polepole. Ikitoka na uzi wa kahawia unaovutika sentimita mbili na zaidi kabla ya kukatika, funga mzinga huo, usihamishe sega wala kisu kwenda mzinga mwingine, na mpigie afisa nyuki wa wilaya siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo ulizuka Rasi ya Magharibi mwaka 2009, na mbegu zake huishi ndani ya mbao na nta kwa miongo kadhaa. Ulaya mizinga yenye ugonjwa huo huchimbiwa shimo na kuchomwa moto. Hakuna dawa ya kuondoa mbegu hizo, na viuavijasumu vikionekana kwenye asali soko la nje limefungwa.

Sampuli ya sega kata kipande cha sentimita tano kwa tano chenye majana mabovu, bila asali, ukifunge kwa gazeti. Usitumie nailoni, kitavunda njiani na maabara haitaona kitu. Nyuki wazima waliokufa au wanaotambaa chini, kusanya kama mia moja kwenye chupa yenye spiriti ya hospitali. Andika kwa penseli, maana wino hufutika kwa spiriti: kijiji, namba ya mzinga, tarehe, na kama kuna shamba la pamba au alizeti lililopuliziwa dawa karibu. Mpe afisa nyuki na umuulize ataipeleka lini Njiro. Akikujibu kwamba gari halina mafuta, basi la Arusha lipo.